Damu Haina Kwao

Ujumbe huwa unafanana. Picha ya mtu akiwa harusini, amevaa suti, anacheka. Chini ya picha kuna majina yake yote matatu, hospitali aliyolazwa, namba ya wodi na namba ya simu ya binamu. Kisha: "Tunahitaji painti sita. Kundi lolote la damu. Tafadhali sambaza." Mimi naishi Kangemi, na kwenye simu yangu kuna grupu ya ploti, ya chama, na ya wale tuliomaliza Form Four pamoja. Ni nadra mwezi uishe kabla mojawapo haijaleta picha kama hiyo.

Kuna neno moja hapo ambalo watu wengi hulipita tu: kundi lolote. Kama mgonjwa ni O, mimi wa AB nitamfaa na nini? Jibu ni kwamba mara nyingi damu yako haiendi kwake. Yeye ameshaongezewa, au ataongezewa, damu iliyokuwa tayari kwenye friji. Yako inakuja kujaza pengo. Itapelekwa maabara, ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, halafu ingoje mtu mwingine kabisa. Yaani umepanda mathree kutoka Kangemi mpaka tao kwa sababu ya sura moja inayocheka, na damu yako imeishia kwa mtu ambaye hujawahi kuona hata picha yake. Pengine mngekutana kwenye foleni ya kura msingesalimiana.

Huo mchezo wa friji unanifurahisha kuliko hotuba zote za umoja wa taifa nilizowahi kusikia. Unakuja kwa ajili ya mtu wako, unaondoka ukiwa umemsaidia mtu wa watu.

Tunapenda kusema damu ni nzito kuliko maji. Ndugu wa damu, damu yetu, damu yangu hii. Nchini Kenya neno hilo halikai mbali na lile swali linaloulizwa kwa upole kabisa, huku mtu akikumiminia chai: "Na kwenu ni wapi?" Mwanzoni mwa 2008 swali hilo liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, watu wakatakiwa kutoa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi.

Sasa iulize damu yenyewe. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kupata watoto wanne, mmoja A, wa pili B, wa tatu AB, wa nne O. Watoto wa tumbo moja, na baadhi yao hawawezi kuongezeana damu. Yule wa O akilazwa, damu ya kaka yake wa A inaweza kumuua, na ya mvuvi wa O kutoka Lamu ikamwinua kitandani. Mwaka 1901 Karl Landsteiner alieleza pale Vienna kwamba damu za watu zinatofautiana kwa makundi. Mpaka hapo kumwongezea mtu damu kulikuwa bahati nasibu, na wengi walikufa. Makundi hayo manne unayapata Lodwar, Kisumu, Mandera na Parklands. Kinachotofautiana ni wingi tu. Kwa hiyo si kweli kwamba damu zetu zote ni sawa, kama mabango yanavyopenda kusema. Zinatofautiana, tena tofauti ya kufa na kupona. Ila mipaka yake haikufuata ukoo, wala lugha, wala msikiti na kanisa.

Binadamu hata hivyo ni mbishi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilikataa kwanza damu ya watu Weusi, kisha likaipokea na kuitenga na ya Wazungu, na likaendelea kuitenga hadi 1950. Charles Drew, mmoja wa madaktari waliojenga misingi ya benki za damu, alikuwa Mweusi na aliupinga utaratibu huo. Sayansi haikuwa upande wa waliobandika lebo zile, lakini lebo zilibandikwa tu.

Na sisi tulikuwa na namna yetu ya kuchanganya damu kabla ya sindano. Kiswahili kimehifadhi neno lake: kuchanjiana. Watu wawili wanachanja ngozi kidogo, damu ya kila mmoja inapakwa kwenye kipande cha nyama, mwenzake anakula. Kuanzia hapo ni ndugu, na anayemsaliti mwenzake analaaniwa. Ulikuwa undugu wa kutafutwa, wa watu wasiozaliwa pamoja, na misafara ya karne ya 19 iliutumia sana kupita katika nchi za watu.

Kisa kinachonigusa mimi kilitokea karibu na kwangu. Oktoba 1890, Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza alikuwa Dagoretti akijenga kituo, na hapo akafanya undugu wa damu na kiongozi wa Wakikuyu, Waiyaki wa Hinga. Lugard akaendelea na safari yake ya Uganda. Watu wa kampuni waliobaki wakaanza kuchukua vyakula vya wenyeji kwa nguvu, na kituo kikaishia kuteketezwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa kampuni ileile, akapelekwa njia ya pwani akiwa mfungwa, akafia Kibwezi. Leo jina lake liko kwenye barabara kubwa inayopita Westlands na Kangemi. Naipanda kila asubuhi, makanga akipiga kelele "Waiyaki Way, Waiyaki Way," na abiria wote tumeinamia simu.

Kisa hicho kinanifundisha kutouamini sana undugu unaotegemea viapo na sura. Walitazamana machoni, wakala damu, na haikumsaidia Waiyaki kitu. Mmoja alikuwa amechanjia urafiki, mwenzake amechanjia njia ya kupita.

Mbele kidogo, huko Westlands, ndiko iliko Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia humo, na kufikia mwisho wa siku nne walikuwa wameua watu 67. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba washambuliaji waliwauliza watu maswali ya dini, wakawaachia waliojibu kama Waislamu. Ndani, basi, watu walichambuliwa kwa dua. Nje, Uhuru Park na KICC, foleni za kutoa damu zilizunguka mpaka watu wakakaa kwenye nyasi, na pale mtu alichambuliwa kwa uzito wake, wingi wa damu yake na kundi lake. Hakuna aliyeulizwa sala. Kulikuwa na vijana wa vyuo, mama mboga, Wahindi wa Parklands, Wasomali, watu wa ofisini waliolegeza tai. Maneno yaliyokuwa kila mahali siku zile ni "sisi ni wamoja".

Nayaheshimu yale maneno, na bado yananisumbua. Aprili 2014, miezi saba tu baadaye, polisi walivamia Eastleigh katika operesheni ya usalama, maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wao Wasomali, na wengine wakazuiliwa uwanjani Kasarani wakaguliwe vitambulisho. Jiji lililosimama foleni moja Septemba lilitazama, na wengi wetu tulinyamaza. Chembe nyekundu za damu hudumu kwenye friji siku 35 hadi 42, kutegemea dawa iliyo kwenye mfuko. Zile za kugandisha damu hudumu kama siku tano tu. Umoja wetu wa majanga sijui tuuweke kati ya hizo mbili.

Hata huduma ya kitaifa ya damu tuliyo nayo ilizaliwa kwa janga. Agosti 7, 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, liliua watu zaidi ya 200 hapa Nairobi na kujeruhi maelfu, na ikaonekana wazi kwamba nchi haina mfumo wa kukusanya na kusambaza damu. Huduma iliundwa miaka michache baadaye, kwa msaada mkubwa wa pesa za Marekani. Lakini janga haliji kila wiki, na damu inahitajika kila siku: mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, mtoto mwenye malaria kali, mgonjwa wa selimundu, msee wa boda aliyegongwa. Siku hizo za kawaida zimebebwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa sekondari na vyuo. Watoto wa shule! Sisi wenye mishahara tunasubiri picha ya mtu tunayemjua. Ndiyo maana shule zikifungwa friji hukauka, na ndiyo maana Machi 2020, Covid ilipofunga kila kitu, hospitali ziliingia taabani.

Jumanne moja nilitoa damu kwenye hema tao. Hapakuwa na janga lolote. Kitanda cha kando alilala makanga, sare ya maruni, viatu vimejaa vumbi. Sindano ilipoingia akamuuliza nesi, "Sista, si hii mtaenda kuuza?"

"Damu haiuzwi, ndugu yangu."

"Na mbona shangazi yangu alilipishwa?"

Nesi hakukasirika. Alisema mfuko una gharama, vipimo vina gharama, friji inakula stima. Makanga akanyamaza, lakini hakuwa ameridhika, na sikuona kwa nini aridhike. Mtu akitoa bure kisha akaona bili, lazima ahisi kuna aliyekaa katikati. Mwingereza Richard Titmuss aliandika kitabu kuhusu jambo hilo mwaka 1970, akilinganisha nchi yake, ambako watu walitoa damu bure, na Marekani ambako wengi walilipwa. Hoja yake ni kwamba pesa ikiingia, damu yenyewe inakuwa hatari zaidi, kwa kuwa mwenye shida ataficha ugonjwa wake apate malipo, na watu wanapoteza nafasi ya kuwapa wasiowajua. Nakubaliana naye. Lakini ningependa kumsikia akimjibu yule makanga.

Mimi kinachoniuma zaidi ya bili ni utaratibu wa kuambiwa "leta watu". Wahenga walisema mtu ni watu, na kwa kawaida msemo huo hutupendeza. Usome sasa ukiwa kwenye korido ya hospitali. Mtu ni wale anaoweza kuwaleta. Mwenye ofisi, kanisa na grupu tano ataleta sita kabla ya chakula cha mchana. Askari wa usiku wa Lavington, ambaye jamaa zake wote wako Turkana, ataleta nani? Dada wa kazi aliyefika jijini juzi? Yule aliyegongwa Waiyaki Way bila kitambulisho, asiyeweza kusema jina lake? Picha ya harusini ni kitu kizuri, lakini hao hawana wa kuwasambazia. Wanachotegemea ni friji lililojazwa na watu waliokuja bila kuitwa.

Kuna rafiki yangu ninayebishana naye sana, na aliniuliza: je, damu yako ikimfikia mmoja wa wale wa Westgate, aliyejeruhiwa akakamatwa? Au mwanaume aliyempiga mkewe jana, akagongwa leo? Nikamwambia ukweli, kwamba ningekuwa na mfuko mkononi na jina limeandikwa, ningekataa. Huenda ningeona haya baadaye, huenda nisione. Ndiyo maana nashukuru mfuko una namba tu. Wema unaongoja moyo wangu uwe tayari utawaacha wengi njiani, nikiwemo mimi siku nitakayokuwa wa kuchukiza.

"Basi huo si upendo," akasema. "Hiyo ni bomba."

Inawezekana. Maji ya Ndakaini yanafika, siku yanapofika, kwangu na kwa landilodi wangu, na sijasikia mtu akitaka bomba limchague. Sidhani ni dharau kwa utu kuuwekea bomba, friji na watu wanaolipwa mshahara kuutunza. Pengine ni njia ya kukiri kwamba hisia zetu huja na kuondoka. Rafiki yangu anaona ninakwepa swali. Anasema mtu aliyetoa bila kumfikiria mpokeaji hajampa kitu, ameacha tu kitu mahali.

Bado hatujakubaliana. Mwanaume anaruhusiwa kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo zamu yangu inaangukia katikati ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na barabara za kwenda ushago zimejaa. Rafiki yangu ana kilo 47, na wanataka 50, kwa hiyo yeye hawezi kutoa hata akishindwa hoja. Amesema atanisindikiza hata hivyo, ananidai chai, na ana maswali yake ya kumuuliza nesi.