Kifuniko cha Piano na Maana ya Stara

Ubao mwembamba uliofungwa kwa bawaba mbele ya piano una kazi moja tu machoni pa watu wengi, nayo ni kuvisitiri vibao vya kupigia. Vibao hivyo ni 88 katika piano ya kawaida, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na hudhurika kwa vumbi, kwa maji yamwagikayo na kwa mikono ya watoto. Mpigaji akimaliza hukishusha kifuniko, na pengine hukitia ufunguo. Hapana alaumuye tendo hilo.

Kiswahili kimelipa tendo hilo neno zito. Kusitiri ni kuhifadhi, na kusitiri ni kuficha. Mwenye nguo amesitirika; maiti husitiriwa kwa sanda; aibu ya jirani husitiriwa kwa kimya. Maana mbili hukaa katika neno moja kama mume na mke katika nyumba moja, wala msemaji haulizwi ni ipi aikusudiayo. Yamkini hapo ndipo penye hatari, kwani mambo mawili yakizoea kuitwa jina moja, mtu aweza kutenda la pili akasifiwa kwa la kwanza.

Piano kuukuu yatosha kuwa mfano. Katika karne ya 19 na sehemu ya karne ya 20, vibao vyeupe vya piano nyingi vilikuwa vya mti uliobandikwa juu yake vipande vyembamba vya pembe ya ndovu. Pembe ina tabia ya ajabu: ikikaa gizani muda mrefu hugeuka manjano, na mwanga huirudishia weupe. Katika viwanda vya Deep River na Ivoryton, jimboni Connecticut, Marekani, vipande hivyo vililazwa juani chini ya paa za vioo kwa majuma kadhaa ili viwe vyeupe kabla ya kubandikwa. Basi mwenye piano aliyekifunga kifuniko mwaka baada ya mwaka, akidhani anahifadhi, alizuia vumbi akaharibu rangi.

Lakini rangi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mahali pembe ilipotoka. Sehemu kubwa ya pembe iliyofika katika miji hiyo ilipitia Unguja, soko lililokuwa kuu la pembe katika Afrika Mashariki. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wake mdogo akaanza kazi Unguja mwaka 1837. Misafara ilishuka kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, na pembe zilikuwa mabegani mwa wapagazi: wengi Wanyamwezi waliotembea kwa ujira, wengine watumwa wasiokuwa na hiari. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo.

Pembe ilipofika sebuleni New York ilikuwa imekwisha kukatwa, kusuguliwa na kung'arishwa. Haikuwa na damu, wala jasho, wala jina la mtu. Ilikuwa imefunikwa kabla ya kufunikwa. Ubao wenye bawaba ulikuwa kifuniko cha pili.

Wako wasemao kwamba mtoto ajifunzaye muziki juu ya vibao hivyo hana hatia, na kwamba kufukua ya kale ni kukosa adabu. Hoja hii ina uzito, na watu wa pwani hawawezi kuitupa kwa wepesi, maana wamelelewa wakijua kuwa mfichua siri ni mtu duni. Walakini stara ni haki ya yule ambaye angeumizwa kwa kuonekana. Jirani asitiriwapo, yeye ndiye apataye nafuu. Je, nani alipata nafuu kwa kufichwa kwa habari ya pembe? Si ndovu. Wala si pagazi aliyeanguka njiani. Huyo hakuaibika kwa lolote hata asitiriwe. Nafuu ilikuwa ya muuzaji na mnunuzi. Kuiita stara hali hiyo ni kulionea neno.

Wala haifuati kwamba piano hizo zivunjwe. Kuvunja nako ni namna ya kuficha, tena iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa huondoa hata ushahidi. Uingereza imechagua njia nyingine: kwa sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1975, yenye pembe iliyo chini ya asilimia 20, yaweza kuuzwa, lakini sharti iandikishwe kwanza. Muuzaji hakatazwi kuwa nayo. Atakiwa aseme ni nini.

Siku hizi vibao vipya ni vya plastiki, na kwa mbali havitofautiani na vile vya zamani. Tofauti huonekana kwa karibu. Kibao cha pembe aghalabu kimeungwa kwa vipande viwili, kimoja kipana mbele na kimoja chembamba kati ya vibao vyeusi, na mahali vikutanapo pana mstari mwembamba kama unywele. Mwenye piano atakaye kujua yake ni ya namna gani hana budi kukiinua kifuniko, kuinama, na kuutafuta mstari huo mchana.