Hiari ya Mtu na Punje ya Dawa

Upupu ni mmea uogopwao mashambani kwa sababu ya mwasho wake. Walakini ndani ya mbegu zake imo levodopa, kitu ambacho kikifika katika ubongo hugeuka kuwa dopamini. Na dopamini ikipungua mno, mtu hutaka kuinua mkono, na mkono usiinuke. Dopamini yenyewe haivuki mpaka uliopo baina ya damu na ubongo. Levodopa huvuka.

Mwaka 1957, katika nchi ya Uswidi, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura dawa ya reserpini, wakalala bila ya kujongea. Walipopewa dopa waliinuka. Mwaka 1960, mjini Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walionyesha kuwa bongo za marehemu waliougua maradhi ya Parkinson zilipungukiwa na dopamini. Kisha mwaka 1969, katika hospitali moja ya Bronx, New York, tabibu Oliver Sacks aliwapa levodopa wagonjwa walioganda kwa miongo ya miaka, mabaki ya tauni ya ubongo iliyoenea duniani tangu wakati wa vita vikuu vya kwanza. Nayo siyo malale yaletwayo na mbung'o. Watu waliodhaniwa hawana neno walisimama, wakasema, wakacheka. Furaha hiyo kwa wengi haikudumu: wengine walishikwa na harara na njozi, na wengine walirudi katika kimya chao.

Hapo huzuka swali. Ikiwa mtu asiyeweza kutenda asubuhi aweza jioni kwa punje ya dawa, hiari yake ni mali ya nani? Wako wasemao kuwa nafsi ni jina tupu tulilolipa kemia. Wengine huwajibu kwa mfano wa taa: haiwaki pasipo mafuta, lakini mafuta siyo nuru. Mfano huu ni mzuri, ila hautoshi. Mafuta hayaigeuzi taa, hali dawa hii yaweza kumtia mtu tamaa asizokuwa nazo. Haigusi viungo peke yake. Hugusa na matakwa.

Hata hivyo, wale wa kwanza wamepita kiasi. Dawa ilikuwa moja, na waliokunywa walikuwa wengi, lakini kila mmoja alisema maneno yake. Hapana punje iliyobeba jina la mama wa mtu wala nyimbo za ujana wake. Mtu akisema kuwa hayo nayo yamehifadhiwa katika ubongo, amesema kweli. Lakini amekiri kwamba nafsi ni zaidi ya kitu kile kimoja kilichopungua. Dawa humrudishia mtu uwezo wa kutaka. Sababu za kutaka kwake ni maisha aliyoyaishi.

Basi mizani ya lawama yahitaji mkono mwepesi. Yule aitwaye mvivu kwa kuwa haondoki kitini, yamkini anajitahidi kuliko wote wamchekao. Tena amwamshaye mwenziwe amejitwika deni. Haimtoshi tabibu kufurahi mgonjwa asimamapo. Hana budi kuwapo pia siku usingizi urudipo, amsikilize, na amwulize kama ataka kuamshwa tena.