Unyoya Unaporudi

Kumpunguza kasuku manyoya ya ubawa, husemwa, si dhuluma, na hoja zitolewazo ni mbili: kwamba haumii, na kwamba manyoya huota tena. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Suala ni kama ukweli huo unatosha kumtoa lawamani mwenye kushika mkasi.

Unyoya uliokwisha kukomaa ni kitu kikavu, hauna damu wala hisia, mfano wa ncha ya ukucha. Ukikatwa kwa uangalifu, ndege haoni uchungu. Lakini ukucha hurefuka, na unyoya uliokatwa haurefuki. Kigutu chake hubaki pale pale hadi msimu wa kunyonyoka ufike. Hapo ndipo kinapoanguka na unyoya mpya ukachipuka mahali pake. Huu mpya huja umefungwa katika ala, na ndani ya ala mna damu inayoulisha. Ukivunjika kabla haujakomaa, ndege huvuja damu na huumia. Nao huvunjika kwa wepesi, kwa kuwa manyoya jirani, ambayo yangeukinga, yamekatwa. Tena kasuku habadilishi manyoya yake kwa mkupuo mmoja. Hubadilisha machache machache, hata ubawa mzima ukachukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, kutimia.

Basi tuitazame hoja ya kwanza. Maumivu na dhuluma si kitu kimoja. Anayefutwa jina katika orodha ya warithi hasikii uchungu wowote mwilini, wala hakuna atakayesema kwamba hakudhulumiwa. Ndege aliyepunguzwa manyoya haombolezi. Lakini akishtuka, hujirusha kama alivyoumbwa, akaanguka sakafuni. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi. Hata hivyo, kurudi kwa unyoya ni kazi ya ndege, si fadhila ya mwenye mkasi. Aliyebomoa ukuta wa jirani hajitetei kwa kusema kuwa jirani yake ni mwashi hodari. Isitoshe, si kila kitu hurudi. Kinda aliyekatwa kabla ya kujifunza kuruka huweza kubaki mzito na mwenye kusitasita hata ubawa wake utimiapo. Unyoya hurudi, utoto haurudi.

Zaidi ya hayo, unyoya unaporudi huja na swali lile lile. Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na kupita. Mwenye kumkata mara ya kwanza yumkini alikuwa na hofu tu. Mwenye kumkata mara ya kumi ameshapitisha hukumu. Maumbile humrudishia ndege haki yake bila ya kuombwa, na kila mara binadamu hulazimika kuamua upya kama atamnyang'anya.

Haifai, hata hivyo, kumdhania ubaya kila mfugaji. Wengi hukata kwa huruma. Nyumbani mna feni inayozunguka darini, mna chungu kinachochemka, mna paka, na mna dirisha lililo wazi. Wala kumwachia si kumkomboa. Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, kuanzia nchi za Ghuba ya Guinea, kupita Kongo, hadi Uganda. Akitoroka katika visiwa vyetu, haendi kwao, huenda njaani. Mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaotegwa mwituni. Ni uamuzi mwema, ila haumrudishi msituni aliyekwisha kuzoea tundu.

Kwa hiyo hatuchagui baina ya mkasi na anga. Tunaulizwa ni nani abadilike: ndege au nyumba? Feni huzimika. Dirisha hutiwa wavu. Chungu hufunikwa, na ndege hufungiwa mlango wa jikoni wakati wa mapishi. Hata kasuku mwenye mbawa kamili hufundishika kuja aitwapo, naye huja kwa kupenda. Yote haya yana gharama na usumbufu, mkasi hauna. Wepesi huo ndio unaopaswa kututia shaka, maana mara nyingi tunachokiita usalama wa mnyonge ni raha ya mwenye nguvu.

Wapenzi wa ushairi wanaijua tofauti hii. Mtunzi hufungwa na vina na mizani, lakini kifungo hicho amejitia mwenyewe, na ndani yake huruka. Kasuku hakuulizwa. Tulimpenda kwa ulimi wake, tukamfundisha maneno yetu, na katika maneno hayo yote hatukumfundisha hata moja la kukataa. Unyoya unaochipuka ndio usemi wake. Anayeusikia hana budi kuujibu, na mkasi si jibu.