Kuhukumu Kisichoonwa

Watu wawili katika miji yetu hukosea katika jambo moja. Wa kwanza husema: "Nisichokiona sikiamini." Wa pili huona unyayo mmoja mchangani, akamtaja mwizi kwa jina lake. Sisi twauliza: je, yafaa kukihukumu kisichoonwa kwa athari zake?

Natutazame wafanyavyo wataalamu wa eksirei. Mwaka 1999, Jianwei Miao na wenzake walipata picha ya vitone vidogo mno vya dhahabu pasi na lenzi. Walivimulika kwa miale ambayo mawimbi yake hupanda na kushuka pamoja, mfano wa makasia ya mabaharia hodari. Miale ikatawanyika, na chombo kikapima nguvu zake. Lakini chombo hupima nguvu tu; hakijui kila wimbi lilifika likiwa juu au chini. Sehemu kubwa ya habari imepotea, na hesabu ndiyo irejeshayo.

Mwenye haraka atasema: "Hiyo si picha, ni dhana." Lau mtaalamu angelijaza pengo kwa apendalo, neno hilo lingelikuwa kweli. Lakini yeye amejifunga kwa masharti: picha yake sharti ilingane na vipimo vyote, isivuke mpaka wa kitu chenyewe, na hesabu ikianzwa upya kwingine ifike pale pale. Isipofika, haiamini. Kwa njia iliyo jamaa ya hiyo, mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia elektroni wakapambanua umbali wa angstromu 0.39, na angstromu moja ni sehemu moja katika milioni 10 za milimita.

Basi asiyeamini ila akionacho amekosa, kwani athari ni dalili. Na amhukumuye jirani kwa mlango uliofunguliwa usiku amekosa zaidi, maana sehemu iliyopotea huijaza kwa chuki yake, wala harudi kuipima. Ni aibu ilioje kitone cha dhahabu kipate uadilifu, na heshima ya Mwislamu isiupate barazani petu!

Dini yetu imeharimisha dhana mbaya na kupeleleza aibu za watu, na katika hukumu imetaka mashahidi waadilifu. Kila afikiwaye na habari na ajiulize: nimeona nini, na nimejaza nini? Asipoweza kupambanua, na anyamaze. Wallahu aalam.