Petro Hakuwa Mjinga

Hivi karibuni, katika usharika mmoja ninaoufahamu, binti anayefundisha shule ya Jumapili alivuliwa kazi hiyo. Kosa lake ni kwamba katika kipindi cha kujifunza Biblia aliuliza kama mstari uliosomwa unasema kweli kile alichokihubiri mhubiri. Alikuwa na kaunta buku lake mkononi, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, safu tatu: andiko, swali, mtu wa kumuuliza. Mzee wa kanisa hakulijibu swali. Alimwambia, "Mwanangu, usomi umekuingia kichwani. Petro alikuwa mvuvi, hakusoma popote, na Roho akamtumia." Watu wakaitikia amina. Baadaye darasa lake likapewa mtu mwingine.

Amina ile ndiyo iliyoninyima usingizi. Mzee mmoja anaweza kuteleza, lakini kusanyiko zima likiitikia, ujue kuna fundisho linaloishi humo bila kuandikwa katika katekisimu yoyote: kwamba imani hunawiri pale akili inaponyamaza.

Maana ya maneno haitatuchelewesha. Wito ni kazi anayokuitia Mungu. Nidhamu ya akili ni kusoma kwa ratiba, kufikiri jambo hadi mwisho na kukubali kusahihishwa. Ninachodai ni kwamba wapo watu walioitwa kusoma kama wengine walivyoitwa kuimba, kuuguza au kulima, na kanisa linalowadharau linamdharau aliyewaita. Yesu mwenyewe, katika Marko 12, ameitaja akili pamoja na moyo, roho na nguvu katika kumpenda Mungu.

Wapo wanaohofia kiburi cha wasomi, na hofu yao ni ya haki. Wapo wanaosema mama anayeamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua hawezi kupata saa mbili za kila siku alizozishauri Sertillanges, mtawa wa Kidominiko, katika kitabu chake juu ya maisha ya akili. Wanasema kweli, nami sina jibu la kuwatosheleza.

Hoja ya mvuvi ndiyo inayonichoma. Nimeisikia kwenye mikesha, kwenye mikutano ya injili, kwenye vikao vya kuchagua wainjilisti, na kila mara husemwa kana kwamba imefunga mjadala. Basi tuifungue.

Ni nani waliowaona Petro na Yohana kuwa watu wasio na elimu? Katika Matendo sura ya 4 ni wakuu wa baraza la Yerusalemu, walewale waliotaka kuwanyamazisha. Walipima elimu kwa shule zao wenyewe. Andiko hilohilo linaendelea kusema waliwatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu, na kuwa pamoja na Yesu ilikuwa shule. Wanafunzi walimuuliza maana ya mifano, wakakemewa walipokuwa wazito wa kuelewa, wakaulizwa nao wakatakiwa kujibu. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu aliuliza.

Kisha msikilize mvuvi huyo siku ya Pentekoste. Roho ameshuka, naye anasimama na kufanya nini? Anamfafanua nabii Yoeli. Halafu anaichukua zaburi ya Daudi na kupanga hoja hatua kwa hatua: Daudi alikufa, akazikwa, na kaburi lake lipo, basi maneno kuhusu yule ambaye mwili wake hautaona uharibifu hayawezi kumhusu Daudi mwenyewe. Mtu aliyejaa Roho alileta ushahidi, akaondoa maana isiyowezekana, akafikia hitimisho mbele ya umati. Na waraka wa pili unaobeba jina lake unaonya kwamba barua za Paulo zina mambo magumu kuelewa, ambayo wasio na elimu huyapotosha kwa hasara yao wenyewe. Anayemtumia Petro kuutetea ujinga hajamsoma Petro.

Kama tunamtafuta mtu wa Agano Jipya aliyesema elimu nyingi humharibu mtu, yupo. Ni Festo, liwali wa Kirumi, akimkatiza Paulo katika Matendo sura ya 26. Mzee wetu aliazima wazo la mpagani akalipa sauti ya mtume. Paulo mwenyewe, aliyefundishwa miguuni pa Gamalieli, akiwa kifungoni na akijua kifo kimekaribia, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Hapa siwezi kumpita Krapf, maana Biblia tunazozishika kwa Kiswahili zina deni kwake. Mmisionari huyu Mjerumani alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin. Julai akamzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye binti yao mchanga. Kazi ya lugha hakuiacha. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882, baada ya yeye kufariki. John Mbiti wa Kitui, kasisi na mwanafalsafa, alifuata njia hiyo kwa lugha ya kwao: alikuwa amepita miaka 80 Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kikamba kutoka Kigiriki lilipotoka. Kila anayelipunga Andiko mimbarani akiwakejeli wasomi ameshika jasho la wasomi.

Lakini kadhi yule ananisumbua. Hakuwa Mkristo. Alikaa na mgeni wa dini nyingine, akamsaidia kupata maneno ya kulieleza neno la Mungu. Uangalifu wake na subira yake ni zilezile ninazoziita wito wa Kikristo. Basi Ukristo wa wito huu uko wapi? Nimejaribu kujibu kwamba uko katika nia, yaani nani anayesomewa. Jibu hilo hulegea nikikumbuka kwamba kadhi naye alisoma kwa ajili ya Mungu. Huenda nidhamu ya akili ni neema iliyomwagwa kwa wote, na la Mkristo ni kutoitupa. Huenda kuna zaidi. Swali hilo naliacha wazi.

Jambo moja halingoji jibu la swali hilo. Anayehubiri mstari bila kuisoma sura yake yote hana haki ya kumnyamazisha aliyeisoma. Wazee wa kanisa, kabla ya kumwondoa mtu kwa kuuliza, fungueni Biblia mkalisome andiko pamoja naye. Akiwa amekosea, mwonyesheni wapi. Mkiwa mmekosea ninyi, semeni hivyo mbele ya watu wote.