Haki ya Kujua na Wajibu wa Kusitiri

Mtu wa Nyakahura anayeshuku kwamba mtoto aliyezaliwa nyumbani mwake si wa damu yake hawezi, kwa mujibu wa sheria ya nchi, kuondoka asubuhi na pamba yenye mate ya mtoto huyo akaenda kununua jawabu. Sheria Na. 8 ya mwaka 2009, inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu katika Tanzania, imeuweka mlango huo mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na wenye ruhusa ya kuubisha ni mahakama, polisi, wakili, afisa ustawi wa jamii na wengine wachache wenye mamlaka. Basi mwenye shaka hana budi kwanza akaeleze mbele ya mtu wa tatu, pale Biharamulo, jambo ambalo pengine hajathubutu kumweleza mkewe, ndipo barua iandikwe, na baba na mama na mtoto wafunge safari kwenda Mwanza kupanguswa ndani ya mashavu. Wako wanaoulaumu urefu wa njia hii. Mimi nauhesabu kuwa ni sehemu ya hekima ya sheria yenyewe, kwani aghalabu hasira ya mtu hukatika pumzi kabla ya kufika Busisi.

Elimu ya kipimo chenyewe si ngumu kuifahamu. Kila mwanadamu hupokea nusu ya urithi wa mwili wake kwa mama na nusu kwa baba, na wataalamu huchagua katika urithi huo sehemu chache zinazotofautiana sana baina ya mtu na mtu, wakazilinganisha. Kila alama ya mtoto isiyotoka kwa mama haina budi kuwa imetoka kwa baba, na alama hizo zikikosekana mara kadhaa kwa yule anayeitwa baba, maabara husema bila kusitasita kwamba siye. Akiwa ndiye, maabara hunena kwa hadhari zaidi, kwa hesabu ya uwezekano ulio karibu sana na yakini. Kwa maneno mengine, nguvu kubwa ya kipimo hiki imo katika kukanusha; na hapo ndipo inapozuka mas'ala ninayotaka kuitazama, kwa sababu dini, ilipoijia elimu hii, ilikifunga kipimo palepale kilipokuwa na nguvu zaidi.

Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya Makka, ilipokutana Januari 2002, iliamua kwamba vinasaba vyaweza kutegemewa katika kuthibitisha nasaba yenye mgogoro: mtoto wa kuokotwa anayedaiwa na wawili, wachanga waliochanganyika hospitalini, watoto waliopotea katika ajali, maafa na vita. Lakini haijuzu kuvitegemea katika kuikana nasaba, wala kuvitanguliza mbele ya liani, kile kiapo cha mume na mke kilichotajwa katika Sura ya An-Nur, wala kwenda navyo kuchungua usahihi wa nasaba zilizokwisha kuthibiti. Msingi wa uamuzi huo ni mkongwe: mtoto ni wa kitanda alichozaliwa, neno ambalo wazee wa pwani walilifupisha wakasema kitanda hakizai haramu. Na iko hadithi mashuhuri ya bedui aliyemwendea Mtume akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, naye akaulizwa juu ya ngamia wake, rangi zao ni zipi, na kama hamna miongoni mwao wa rangi ya kijivu. Akajibu kwamba wamo. Akaulizwa wametoka wapi, akasema labda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Akaambiwa basi huenda na mwanawe amevutwa na asili kama hiyo. Bedui alikuja na dalili aliyoiona kwa macho yake, akarejea na mwanawe.

Wala haya si ya Waislamu peke yao. Injili ya Mathayo inafungua kwa orodha ndefu ya vizazi kutoka Ibrahimu hadi Yusufu, kisha yasema kwamba Yusufu huyo hakumzaa Yesu. Na hata hivyo ni kwa Yusufu kwamba Yesu anaitwa mwana wa Daudi. Msomaji wa maabara angeifuta orodha nzima kwa mstari mmoja, na Wakristo hawa wa Biharamulo na Ngara wanaoisoma kila Krismasi hawakupata kuona kwamba imepungukiwa na kitu. Jirani zetu Wahaya nao, kama walivyoandika Cory na Hartnoll katika kitabu chao cha mwaka 1945 juu ya sheria za mila, walikuwa na kanuni ya bisisi, ambayo kwayo mtoto wa kwanza wa mwanamke aliweza kudaiwa na mwanamume wa kwanza kumjua mama, ijapokuwa mimba ilikuwa ya mwingine. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyotungwa mwaka uleule wa ile ya vinasaba, haikukiacha kipimo kiseme peke yake, bali imekiweka pamoja na jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, na sherehe ya kimila aliyoifanya baba, na kumkiri mtoto mbele ya watu.

Amma mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, huku si kuiogopa kweli? Ikiwa Mwenyezi Mungu ni Haki, vipi watu wake waambiwe wasiitazame haki inapowekwa mezani? Swali hili silidharau, na wale wanaolijibu kwa kusema kwamba amani ya nyumba ni bora kuliko kweli hawanitoshelezi, kwa maana amani ya namna hiyo hulipiwa na mmoja kwa manufaa ya wengine, na yule aliyedanganywa miaka ishirini naye ni mja wa Mungu.

Tuitazame basi kweli hiyohiyo katika uwanja wa jinai. Alec Jeffreys alikigundua kipimo hiki Leicester, Uingereza, mwezi Septemba 1984, na miaka miwili baadaye polisi wa huko walimletea mashtaka ya kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri kumuua msichana mmoja kati ya wawili waliouawa katika vijiji vya jirani. Polisi walitaka kuthibitishiwa kwamba wote wawili ni wake. Kipimo kikajibu kwamba aliyewadhulumu ni mtu mmoja, naye si kijana huyu. Kijana akaachwa huru, na muuaji, baada ya wanaume wapatao 5,000 kuombwa watoe damu, alihukumiwa mwaka 1988. Hapa kukanusha ndiko kulikookoa. Neno ni lile lile, siye. Lakini kule Leicester lilimwondolea mtu tendo asilolitenda, na nyumbani kwa mwenye shaka humwondolea baba mtoto asiyetenda lolote. Ndiyo maana naona wanavyuoni wa Makka hawakuikimbia kweli. Waliuliza ni nani atakayebeba gharama yake, wakaona ni yule asiyeweza kusimama kujitetea.

Na sisi wa nchi hii tumeshuhudia gharama hiyo ikitozwa kwa jumla. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao laki mbili au zaidi walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na barabara ya Lusahunga ipitayo Nyakahura ikawa njia ya malori ya chakula. Katika umati ule walikuwamo watoto waliookotwa njiani na watu wasiowajua, wakalishwa, wakapewa majina, wakakua wakiita mama na baba kama wengine. Vita vyote vya pembe hii ya Afrika vimefanya nyumba za namna hiyo. Basi mwaka 2008 serikali ya Marekani, iliyokuwa ikiwaruhusu wakimbizi waliokwisha kuingia kwake kuwaita jamaa zao, ilianza Nairobi kuwapima vinasaba waombaji, wengi wao Wasomali na Waethiopia, kisha ikaendelea Uganda na kwingineko, ikaona kwamba undugu wote uliodaiwa ulithibitika katika familia chini ya moja kati ya tano, waliokataa kupimwa au kutofika wakihesabiwa pamoja na wasiothibitika. Mpango ukasimamishwa hadi mwaka 2012. Sina shaka kwamba uongo wa kununua na kuuza nafasi ulikuwamo, na mwingi. Lakini yatima aliyelelewa na shangazi tangu utotoni, akaandikwa kuwa mwana kwa sababu ndivyo alivyokuwa, alihesabiwa pamoja na waongo, na hakuna safu katika karatasi ya maabara ya kumwandika yeye.

Kwa upande wa pili, mwaka 2023 miili ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, mamia yake, na nyuso zisizotambulika, hapakuwa na njia nyingine ya kumrudishia mama mwanawe azikwe kwa heshima, na Machi 2024 jamaa wa kwanza walikabidhiwa maiti zao kwa ushahidi wa vinasaba. Huko hakuna wa kusitiriwa.

Juu ya asili za mbali nitasema machache. Mwaka 2023 wataalamu walichapa habari za mifupa ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani na bara yake, Kilwa, Manda na Mtwapa ikiwamo, wakaeleza kwamba wanaume kutoka Uajemi walianza kuzaa na wanawake wa Kiafrika yapata mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi, yaliyodhihakiwa na wasomi wengi, yakapata shahidi, ila shahidi huyo aliwataja pia mama ambao wasimulizi hawakuwataja. Tusivuke hapo. Waingereza walijaribu mwaka 2009 kubaini kwa vinasaba kama waomba hifadhi ni Wasomali kweli, na Jeffreys mwenyewe akawa miongoni mwa waliolipinga jambo hilo, likaachwa. Na sisi ambao mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwasaka wahamiaji haramu, tuliona watu wa Kagera wakiulizwa babu zao walizaliwa upande upi wa mto, tunajua kwamba mpaka uliochorwa na Wazungu hauonekani katika mate ya mtu yeyote.

Limebaki moja ambalo fatwa ile ya Makka hailimalizi. Ukanda wetu wa Ziwa una selimundu nyingi, na mtoto huugua maradhi hayo anapopokea sehemu yake kwa mama na kwa baba pia. Daktari anampima mtoto mgonjwa, anawapima na wazazi ili awashauri juu ya uzazi ujao, anakuta kwamba mume hana chembe ya maradhi hayo. Hakwenda kuchungua nasaba ya mtu, na sasa anaijua. Akimwambia mume kwamba naye ni mbebaji, amesema uongo utakaomfuata hata kwa wanawe wengine. Akinyamaza kwa wote, mama atazaa tena bila kuonywa. Naona amwite mama peke yake amweleze yote, na kwa mume asitie neno la kweli wala la uongo mpaka aulizwe. Na akiulizwa waziwazi, na mtu aliye mbele yake akawa ametulia, anajua anachokiuliza, sioni kwa hujja gani daktari huyo atamnyima.