Nia Njema Haikazi Chuma

Ukiweka springi ya lori motoni, inaanza na rangi ya damu iliyokauka. Halafu inakuwa nyekundu ya kweli, halafu ya chungwa, halafu inaelekea manjano. Ukizembea hapo inaanza kurusha cheche nyeupe, ndogo ndogo, kama zile fataki za mkononi ambazo watoto huwasha wakati wa Krismasi. Zinapendeza sana. Mara ya kwanza nilizitazama nikadhani nimefika mahali pazuri.

Kumbe chuma kinaungua. Sisemi kwa mafumbo, kinaungua kabisa. Kikishafika hapo hakirudi. Unaweza kukipoza, ukakifua upya, ukakisugua mpaka king'ae, lakini ndani punje zake zimeshaachana. Dawa ni moja tu, kukata hicho kipande na kukitupa.

Mimi sikukitupa. Hiyo ndiyo sababu ninaandika haya.

Nilikuwa nimekubaliana na mzee mmoja fundi kule Gikomba, upande wa mtoni, anifundishe uhunzi kila Jumamosi. Mia tano kwa siku, na chai juu yangu. Darasa lenyewe halina ubao wala daftari. Jumamosi ya kwanza nilizungusha feni tu, gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda, linalopuliza hewa kwenye makaa. Ya pili nikajifunza kushika koleo bila kuogopa. Ya tatu nikapewa nyundo, nikaanza kupiga springi juu ya kipande cha reli ambacho pale ndicho fuawe. Na kitu cha kwanza nilichojifunza kinachekesha. Watu hawa tunawaita jua kali, lakini mhunzi anataka kivuli. Juani huwezi kusoma rangi ya chuma. Kitu unachodhani bado ni chekundu, ukikiingiza gizani unakuta ni manjano. Ndiyo maana moto wa mzee uko kona ya mwisho, chini ya mabati yaliyojaa masizi.

Jumamosi ya sita akaniambia nitengeneze tindo, ya wachonga mawe.

Tindo ina mahitaji mawili yanayogombana. Ncha lazima iwe ngumu, la sivyo jiwe la Ndarugo litaifanya butu kabla ya chai ya saa nne. Lakini isiwe ngumu kupita kiasi, maana itavunjika kama glasi. Na kichwa chake, pale nyundo inapotua, lazima kibaki laini, kwa sababu chuma kigumu kikipigwa na chuma kigumu hurusha vipande, na vipande hivyo hupenda macho. Basi unapasha moto ncha peke yake, mpaka joto ambalo hata sumaku haikishiki tena chuma, unaichovya kwenye mafuta machafu ya injini. Hapo imekaza, ukipitisha tupa, inateleza tu. Kisha unaisugua ing'ae, unairudishia moto kidogo sana, ukitazama rangi zikitembea juu yake: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Kwa tindo, mzee hukomea zambarau. Nikamuuliza zambarau ipi, maana ziko nyingi.

Akasema, "Ile."

Siku hiyo alienda kuongea na mtu wa makaa, akaniacha na moto. Nikazungusha feni kwa bidii zaidi ya akili, cheche zikaruka. Nikaitoa haraka. Nikaifua, nikaisugua, nikaichovya, nikangoja zambarau. Ikatoka nzuri, wallahi. Ilifanana na zake. Nikaiweka kwenye lundo pamoja na nyingine, na kabla ya saa tisa mchonga mawe mmoja alikuja, akachagua tano, akalipa, akaenda. Yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu alipozifunga kwa raba.

Sikusema kitu.

Kuna methali tunayoipenda: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni uongo kwa chuma. Pale kwenye lundo kibaya kilijiuza vizuri tu, kwa bei ileile, bila kutembezwa hata hatua moja. Mnunuzi hana macho ya kuona ndani, ana imani tu. Labda ndiyo maana zamani watu waliogopa wahunzi. Wakikuyu waliiogopa sana laana ya mhunzi. Wamaasai walibeba mikuki iliyofuliwa na Ilkunono, lakini kuoana nao hawakutaka. Tunafundishwa kuiita hiyo hofu ushirikina, na dharau ile kwa kweli ilikuwa dhuluma tupu. Ila hofu yenyewe naielewa sasa. Maisha yako yanategemea kitu ambacho ni mtu mmoja tu anayejua kilivyo ndani, na huyo mtu ameamua kunyamaza.

Wiki nzima nilijitetea. Mimi ni mwanagenzi, kwani nilikusudia? Nia yangu ilikuwa njema. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini nilitoka na vipande viwili vitatu vya falsafa mfukoni, na Kant ni kimojawapo. Mwaka 1785 aliandika kwamba thamani ya nia njema haipungui hata kama haikufanikisha chochote. Nilipokuwa na miaka ishirini hoja hiyo ilinifariji sana, maana nilikuwa sijafanikisha chochote. Sasa nikiwaza mtu akigonga tindo yangu juu ya jiwe, uso wake umeinama karibu, sioni nia yangu ikimsaidia kwa lipi. Huwa tunatenganisha: huyu ni mtu mzuri, yule ni fundi mzuri, ni mambo mawili. Mbele ya moto sikuuona huo mpaka. Kama najua sijui, na bado naweka kitu mkononi mwa mtu kana kwamba najua, basi kutojua kwangu si bahati mbaya tena.

Aristotle ana sehemu moja katika kitabu chake cha maadili ambayo sikuielewa darasani hata kidogo. Anasema katika ufundi, anayekosea kwa makusudi ni afadhali kuliko anayekosea bila kujua. Katika tabia ni kinyume, anayekosea makusudi ndiye mbaya zaidi. Nilifikiri ni mchezo wa maneno. Halafu nikaona nimefaulu kufeli pande zote mbili kwa tindo moja. Nilipoiunguza, nilikosea bila kujua, kwa hiyo mimi ni fundi mbovu. Nilipoificha, nilijua vizuri sana.

Na hapa inabidi niseme kazi ninayofanya siku za wiki, kwa sababu haikuwa mara yangu ya kwanza. Wengi wenu mnaijua. Nawaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Oda inaingia usiku, masaa sita, maneno elfu mbili na mia tano, rejea kumi. Mwaka jana niliandika kuhusu vipimo vya dawa kwa watoto wodini. Sijawahi kupima dawa maishani, hata ya kikohozi naikadiria kwa kifuniko. Nikasoma makala nne, nikaifua, nikaing'arisha, ikapata alama ya juu kabisa. Mteja akanipa nyota tano. Mahali fulani kuna muuguzi mwenye cheti kinachong'aa, na sehemu ya ndani ya cheti hicho ni mimi, saa tisa usiku, nikinywa maji kwa sababu majani ya chai yameisha.

Huwa tunajitetea kwamba dhambi ni ya anayenunua. Aliyenunua tindo yangu hakujua. Huyu mwanafunzi anajua anachonunua. Sawa. Lakini mtoto aliyelala kwenye hiyo wodi hakununua chochote.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Mzee alikuwa anapanga makaa.

"Mzee, kuna kitu sikukuambia wiki iliyopita."

"Sema."

"Ile tindo niliiunguza. Nikaiweka na zingine."

Akasimama. "Ilirusha cheche?"

"Ilirusha."

"Na imeenda?"

"Imeenda."

Nilitarajia kelele. Hakuna kelele. Akaniuliza aliyenunua anafananaje, nikajaribu kueleza, nikagundua nakumbuka raba kuliko uso. Akasema, "Kuunguza chuma si neno, kila kijana huunguza. Ungenionyesha ningekata, tungekunywa chai. Huyo mtu akiumia hatakutafuta wewe, kijana. Hakujui. Atakuja hapa kwangu."

Halafu akafanya kitu kilichonirudisha moja kwa moja kwa Aristotle. Akachukua kipande cha springi, akakisukuma motoni, akaniambia zungusha, akaacha cheche ziruke, akitazama tu. Alikiunguza makusudi. Akachukua kingine, akakitoa kwa rangi inayofaa. Akavichovya vyote viwili kwenye mafuta, akavipiga kwenye ukingo wa reli bila kuvirudishia moto, vikakatika tap, tap. Akaniwekea vipande mkononi. Kile kizuri, pale kilipokatika, kilikuwa cha kijivu, laini kama majivu yaliyochekechwa. Kile kingine kilikuwa na punje kubwa zinazometameta, kama sukari. Kwa nje huwezi kuvitofautisha. Mtu huyu hana cheti hata kimoja, na zambarau anaieleza kwa neno moja, lakini anaweza kukosea kiasi anachotaka, wakati anaotaka, ili mwingine aone.

Akanirudisha kwenye feni. Mwezi mzima, hakuna kufua kitu cha kuuzwa. Mia tano yake nililipa vilevile.

Oda za uuguzi nimeacha kuchukua, na zile za uhandisi. Za historia na biashara bado nafanya, kodi ni tarehe tano. Najua hoja hiyo ina ufa, na mzee nikimweleza ataipiga mara moja tu kwenye ukingo wa reli. Sijamweleza.

Siku hizi kila mchonga mawe akija, mzee anamuuliza kwanza kama kuna tindo iliyomvunjikia, na anasema atambadilishia bure. Mpaka sasa hakuna aliyerudi na hiyo yangu. Mimi nakaa kwenye feni, nazungusha. Mtu akiinama kuingia chini ya mabati, namtazama macho kwanza, nahesabu mawili, ndipo namsalimia.